Nishani ya 2003, Miche ya 1977: Kisa cha Wangari Maathai

Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilimtunukia Profesa Wangari Maathai, mpanda miti na mtetezi wa mazingira, nishani ya Mkuki Uwakao, daraja la Mzee, ndizo zile herufi EBS zinazofuata jina la mtu. Mwaka 2004 akapandishwa hadi Mzee wa Moyo wa Dhahabu, EGH. Katika mpangilio wa nishani za Kenya, juu ya EGH lipo daraja moja tu. Kwa hiyo ukiitazama orodha peke yake utasema taifa lilimtambua mwanamke huyu upesi na kwa ukarimu: nishani mbili kubwa ndani ya miaka miwili.

Ila miche yake ya kwanza aliipanda tarehe 5 Juni 1977. Kati ya miche hiyo na herufi za kwanza kuna miaka 26, na kisa ninachotaka kukichambua kimo ndani ya miaka hiyo.

Nina sababu yangu ya kukirudia. Nimo katika kamati ya wanafunzi wa zamani wa shule moja ya wasichana, na tulipewa kazi ya kuandika pendekezo ili mmoja wetu atambuliwe kitaifa kwa utumishi wake kwa jamii. Rasimu yetu ya kwanza ilijaa vyeo: mwalimu mkuu wa wapi, mjumbe wa bodi gani, mgeni rasmi wa sherehe ipi. Huduma yenyewe tuliipa mstari mmoja, mwishoni kabisa. Nilipoisoma kwa sauti mbele ya wenzangu niliona haya. Nikasema tuchukue kisa kimoja ambacho Mkenya yeyote anakijua, tukichambue hadi mwisho, tuone nishani hutambua nini hasa na shule ina haki ya kudai nini.

Tuanze na shule, maana ndizo hukimbilia kwanza kubandika picha ukutani.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Kuingia kwake darasani hakukuwa jambo la kawaida. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama, mwenyewe hakusoma, akakubali. Akaanza Shule ya Msingi ya Ihithe akiwa na miaka 8. Alipofika 11 akapelekwa bweni la watawa, St. Cecilia's, huko Mathari. Mwaka 1956 alimaliza wa kwanza darasani, akapata nafasi Loreto, Limuru, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa shule ya upili ya pekee ya Kikatoliki kwa wasichana wa Kiafrika nchini. Alitoka Limuru mwishoni mwa 1959, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana wa Kenya, kama 300 hivi, waliochaguliwa kwenda kusoma Marekani kwa ufadhili ambao mwanasiasa Tom Mboya aliupigania.

Shule hizo zilimpa nini? Zilimpa sayansi, na hilo si dogo. Siku zile msichana aliyemaliza Kidato cha Nne alitarajiwa awe mwalimu au muuguzi, na zaidi ya hapo watu hawakuona mbali. Zilimpa pia Jeshi la Maria, chama cha waumini Wakatoliki kilichofundisha kwamba kumtumikia Mungu ni kuwatumikia binadamu wenzako. Mimi nimelelewa katika shule ya namna hiyo, na najua mazoea yake: Jumamosi unakwenda kufagia nyumba ya bibi kizee asiye na mtu, hupati alama wala cheti, unarudi bweni umechoka na hakuna anayekuuliza. Mazoea ya namna hiyo humkaa mtu mwilini.

Lakini shule hizohizo za bweni zilimnyang'anya kitu, naye alikisimulia mwenyewe. Mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa kifungo cha aibu, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake naye akosee, ndipo amkabidhi. Msichana aliyefunzwa kuionea haya lugha ya mama yake ndiye baadaye alirudi vijijini, akaketi chini na wanawake, akawasikiliza kwa lugha hiyohiyo. Hapo shule haiwezi kudai sifa. Hapo alijirudisha mwenyewe. Naliandika hili kwa sababu mapendekezo mengi ya wanafunzi wa zamani hudai kila kitu: malezi yetu, kaulimbiu yetu, walimu wetu. Pendekezo lenye heshima lingekiri lililotolewa na lililopokonywa.

Sasa kazi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu wa kisa.

Katikati ya miaka ya 1970 Wangari alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1971 alikuwa amepata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Pia alihudhuria vikao vya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Katika vikao hivyo wanawake wa mashambani walieleza mambo manne yasiyo ya kitaalamu hata kidogo: kuni zimekuwa mbali, maji safi yamepungua, watoto hawashibi chakula chenye lishe, na pesa mkononi hakuna. Yeye akaona kwamba mambo hayo manne yanashikana shinani: mashamba yamevuliwa miti. Akasema, basi tupande miti.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara ulitoka jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi kwenda Kamukunji, wakapanda miti 7 kuwakumbuka viongozi wa jamii mbalimbali za Kenya. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti.

Wanawake walipoanza kupanda, Idara ya Misitu iliahidi kuwapa miche bure. Haukupita muda mrefu ahadi ikavunjika, kwa kuwa wanawake waliitaka miche mingi kuliko idara ilivyodhani wangeweza kuipanda. Ikabidi waoteshe wenyewe. Wakaja maafisa wa misitu kuwafundisha, somo likawa gumu bila sababu, mambo ya mwinuko wa ardhi na vifaa ambavyo mwanamke wa kijijini hana. Mwishowe waliyaacha hayo wakafanya kama walivyozoea kufanya na maharagwe na mahindi: wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakatumia vyungu vilivyovunjika na mikebe mitupu, wakaviinua juu ili kuku na mbuzi wasifikie. Wangari aliwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma. Alisema hivyo akiwa na shahada tatu, na alimaanisha.

Halafu kuna malipo. Kikundi kililipwa kiasi kidogo, kama senti 4 za Marekani, kwa kila mche. Ila hakikulipwa kwa mche uliooteshwa kwenye kitalu, wala kwa mche uliopelekwa shambani na kupigwa picha. Kililipwa kwa mche ulioshika, uliohamishiwa shambani ukafuatiliwa na kukutwa hai. Miche ilipandwa kwa safu za elfu moja au zaidi, na mtu alipita kuihesabu.

Ningependa kila mtu anayeandika pendekezo la nishani aisome aya hiyo mara mbili. Wanawake wasiojua kuandika walikuwa na kipimo kikali kuliko chetu sisi wenye kamati na katibu. Kwetu mche hulipwa siku ya kupandwa, mbele ya kamera, na mheshimiwa ameshika sepetu mpya. Kwao ulilipwa baada ya kiangazi.

Kufikia 2004, Kamati ya Nobel ilipomtangaza mshindi wa Tuzo ya Amani, miti iliyopandwa na vikundi hivyo ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30.

Basi taifa lilikuwa wapi? Jibu ni kwamba lilikuwepo, na lilimwona vizuri sana.

Mwaka 1982 aliamua kugombea ubunge. Sheria ilimtaka ajiuzulu kazi ya chuo kikuu kwanza, akajiuzulu. Kisha akaambiwa hafai kugombea kwa kuwa hakujisajili upya kuwa mpiga kura. Akaenda mahakamani, akashindwa. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, akakataliwa, akaondolewa na katika nyumba ya chuo. Mwaka 2010 chuo hichohicho kilianzisha taasisi ya masomo ya amani na mazingira yenye jina lake. Simlaumu aliyeianzisha, alifanya vema. Ila nataka wanaojiita "alma mater", yaani shule au chuo kilichomlea mtu fulani, wakumbuke kwamba kuna siku mlango ulifungwa, na mtu akabaki nje na mizigo yake.

Mwaka 1989 akapinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma jijini Nairobi. Alianza kwa barua tu, akiandika ofisi moja baada ya nyingine. Bunge likamjadili. Na siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1989, Rais Moi akihutubia katika Uhuru Park alisema kwamba mwanamke wa kweli, kwa mila ya Kiafrika, huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Tarehe hiyo naomba isipite hivihivi. Jamhuri ndiyo siku ambayo Wakenya wamezoea kusikia majina ya waliotunukiwa nishani. Mwaka ule, katika siku ya kuwasifu watumishi wa jamii, mtumishi wa jamii alikemewa hadharani. Green Belt Movement ilipewa saa 24 kuhama ofisi yake, ikahamia nyumbani kwake. Hata hivyo wawekezaji walirudi nyuma, na mwanzoni mwa 1990 mpango wa jumba ukafa.

Mwaka 1992 alikaa na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiwe. Tarehe 3 Machi polisi walivamia pale pembeni mwa Uhuru Park panapoitwa Freedom Corner, wakawapiga, naye akazimia akapelekwa hospitali. Mwezi Januari 1999 alikwenda kupanda mti Karura, msitu uliokuwa ukigawiwa watu binafsi, akapigwa na walinzi, kichwa kikachanika. Mwezi Agosti mwaka huohuo rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Katika miaka hiyo walimwengu hawakungoja. Right Livelihood ilimpa tuzo yake mwaka 1984, Goldman ikafuata 1991, nishani ya Edinburgh 1993. Mtu alikuwa anapanda ndege kwenda kuvishwa nishani ughaibuni, akirudi anakuta askari mlangoni. Waswahili tunasema nabii hana heshima kwao, lakini methali hiyo hapa naiona nyepesi. Kwao Ihithe, kwao Nyeri, kwao katika vikundi vya wanawake, heshima alikuwa nayo tele. Mwezi Desemba 2002 watu wa jimbo la Tetu walimchagua mbunge wao kwa asilimia 98 ya kura. Aliyemnyima heshima ni mmoja, tena ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la nishani.

Hapo ndipo tatizo linapojifunua. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, rais hutunuku heshima kwa niaba ya wananchi na Jamhuri. Sheria ya Tuzo za Kitaifa ya 2013 iliongeza kamati ya kumshauri. Ni hatua nzuri. Lakini nishani, kwa umbile lake, hupitia mkononi mwa mwenye madaraka. Basi kazi ya kijamii inayomsumbua mwenye madaraka, kama kumzuia kujenga juu ya bustani ya umma, haitatuzwa na yeye anayesumbuliwa. Itamsubiri anayefuata.

Tukizitazama tena nishani mbili, tunaona jambo ambalo picha ya ukutani haionyeshi. Mwaka 2003 Wangari alikuwa Naibu Waziri wa Mazingira katika serikali ya Rais Kibaki, serikali iliyomtunukia EBS. Mwaka 2004, wa EGH, ni mwaka wa Nobel. Nishani ya kwanza ilimkuta na cheo, ya pili ikamkuta na sifa ya dunia. Miti ilikuwa ileile. Miti ya Murang'a na Nyeri iliyopandwa miaka ya 1980 haikukua ghafla mwaka 2003. Kilichobadilika ni nani anakaa Ikulu.

Mwenzangu mmoja katika kamati aliposikia haya akasema basi nishani ni bure, tuachane nayo. Nilimpinga, na bado nampinga. Nishani ile iliandika katika kumbukumbu za Jamhuri kwamba mwanamke aliyeitwa kichaa hakuwa kichaa. Mtoto wa shule akisoma kwamba polisi walimpiga mtu wa namna hii, na akasoma pia kwamba taifa lilimpa Moyo wa Dhahabu, anapata jambo la kumuuliza mwalimu wake, na hilo peke yake lina thamani. Tena nakumbuka Oktoba 2011. Wangari alikuwa amefariki tarehe 25 Septemba, na mazishi ya kitaifa yakafanyika Uhuru Park, bustani ileile. Aliagiza asikatiwe mti, kwa hiyo jeneza lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Jeneza hilo lilibebwa kwa heshima zote za serikali katika nyasi alizozipigania. Sidhani kuna aliyelitazama akaona kwamba heshima ya taifa haina maana. Nililia mbele ya televisheni.

Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Nishani ilipokuja ilimtuza mtu mmoja kwa kazi ya maelfu. Herufi hazigawiki. Mwanamke aliyeinua chungu juu ya jiwe ili kuku asile mche, akaumwagilia maji aliyoyabeba kichwani, akalipwa senti zake ulipokutwa hai, hana herufi. Wangari mwenyewe hakuacha kuwataja, na Oslo, alipoipokea Nobel, aliwataja. Lakini karatasi ya nishani ina nafasi ya jina moja, na shule nayo ina nafasi ya picha moja, na hivyo ndivyo utumishi wa jamii unavyogeuka kuwa wasifu wa mtu.

Kwa hiyo tuliirudia rasimu yetu. Tunayempendekeza ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi amekuwa akiwarudisha shuleni wasichana walioacha masomo baada ya kupata mimba. Katika karatasi yetu ya kwanza tulikuwa tumeandika kwamba "amewasaidia wasichana wengi". Wengi wangapi? Na alipowarudisha, walibaki? Na alikuwa peke yake?

Tulimwendea tukamuuliza. Hakushangaa. Aliingia chumbani akatoka na daftari la kaunta, jalada limeng'oka, limefungwa kwa uzi. Ndani kuna majina, na mbele ya kila jina kuna safu tatu alizozichora kwa rula. Safu ya kwanza ni tarehe msichana aliporudi darasani. Ya pili ni nani alikwenda kumchukua nyumbani: hapa kuna jina la mpishi wa shule, hapa la mke wa chifu, hapa la muuza mboga ambaye ndiye alikubali kukaa na mtoto mchanga wakati wa masomo. Majina ya watu wa safu hii yanajirudia kurasa na kurasa, na jina la mwalimu mwenyewe limo mara chache kuliko tulivyotarajia. Ya tatu ni kama alifanya mtihani wa Kidato cha Nne. Baadhi ya mistari safu hiyo iko tupu. Hakuijaza kwa uongo.

Tumeiweka kando karatasi ya vyeo. Watu wa safu ya pili tutawaandika kwa majina, wote, hata kama fomu ina nafasi ya jina moja, tutaambatisha. Wasichana hatutawataja bila ridhaa yao, wengine sasa ni mama wenye familia na hawataki habari ile ifufuliwe. Tunampigia simu mmoja mmoja kuomba ruhusa. Mpaka juzi tulikuwa tumewapata 11.